Kamera na joto la Pwani: dalili, chanzo, na wakati wa kumwita fundi

Msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, wapiga picha wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja hupeleka kwa mafundi kamera ambazo nyingi hazijaharibika. Moja imejizima maharusi wakivishana pete. Nyingine lenzi imegeuka nyeupe mlangoni mwa ukumbi. Fundi asiye na subira huchukua bisibisi, na kamera iliyohitaji saa moja tu kivulini inarudi ikiwa na vumbi kwenye kihisi, kile kipande kinachopokea mwanga na kutengeneza picha, na skrubu moja pungufu. Kamera hiyo ndiyo inayolipa kodi ya nyumba na ada za watoto, kwa hiyo inastahili kuchunguzwa kwa utaratibu kabla haijafunguliwa.

Vitabu vya maelekezo vya kamera nyingi vinaruhusu kuitumia kati ya nyuzi 0 na 40 za Selsiasi, na kwa unyevu wa hewa usiozidi asilimia 85 hivi. Kivulini, hewa ya Pwani haifiki 40. Lakini dashibodi ya gari lililoegeshwa juani inaweza kuvuka nyuzi 70, na begi jeusi lililoachwa mchangani nalo linachemka. Pamoja na hayo, joto peke yake kamera hulistahimili kuliko wengi wanavyodhani. Linaloiumiza upesi ni kuhamishwa ghafla, kutoka baridi kwenda joto au joto kwenda baridi, bila kupewa muda wa kuzoea.

Kabla ya yote: ukiona matone ya maji ndani, ukisikia harufu ya kuungua, au ukikuta betri imevimba, usiiwashe kamera hata kwa kujaribu tu.

Kamera inajizima katikati ya kurekodi

Tofautisha kwanza. Kamera iliyopata joto huonyesha alama ya kipimajoto kwenye skrini kabla ya kuzima. Ikizima ghafla bila alama yoyote, weka betri nyingine iliyojaa na ufute vile vijibati vya njano vya betri kwa kitambaa kikavu. Jasho la mikono na chumvi ya hewa ya bahari huvitia utando, na kamera hudhani betri imekwisha.

Kama kweli ni joto, chanzo cha mara nyingi zaidi ni jua kupiga mwili wa kamera moja kwa moja. Harusi za ufukweni, iwe Nungwi au Diani, zinaiweka kamera nyeusi juu ya tripodi saa nzima bila kivuli. Mwavuli mdogo uliofungwa kwenye tripodi unatosha. Kitambaa cheupe kilicholegezwa juu yake kinasaidia pia, mradi kisizibe matundu ya hewa.

Kinachofuata ni namna unavyorekodi. Video ya 4K kwa fremu 50 au 60 kwa sekunde inaifanyisha kamera kazi kubwa, na kazi hiyo yote hutoka kama joto. Hotuba ya mjomba haihitaji fremu 60. Irekodi kwa 25, na zile 50 uziweke akiba kwa bibi harusi anapoingia ukumbini, ambapo utataka kupunguza mwendo wa video wakati wa kuhariri.

Cha tatu wengi hawakiangalii: skrini iliyobanwa mgongoni mwa kamera. Nyuma yake ndipo joto la kihisi linapotafuta njia ya kutokea. Kwa kamera zenye skrini ya kufunguka, ivute nje uiache wazi. Kwa baadhi ya kamera hilo pekee linakuongezea muda wa kurekodi.

Halafu kuna kuiacha imewashwa siku nzima. Hata usiporekodi, kihisi kinafanya kazi ili skrini ionyeshe picha, na joto linaendelea kujikusanya. Kati ya tukio na tukio, zima. Ukiwa umechomeka pawabenki, baadhi ya kamera zinachaji betri ndani yake huku zikiendelea na kazi, na betri inayochajiwa nayo inatoa joto. Kwa shughuli ndefu tumia betri bandia yenye waya, ile inayoingia mahali pa betri na kuleta umeme kutoka nje.

Angalia menyu pia. Kamera nyingi za Sony zina chaguo la kiwango cha joto ambacho kamera itajizima, na likiwa kwenye kawaida itazima mapema. Ukilipandisha hadi juu, iweke kamera kwenye tripodi, usiishike mkononi muda mrefu, kwa sababu mwili wake utakuwa na joto la kuumiza ngozi. Mwisho kabisa, kwa kamera zenye feni, chungulia matundu yake. Vumbi jekundu la barabara za Manyara au Voi hupazoea mahali hapo. Zima kamera, pulizia kwa kile kipira cha mkono, wala usitumie mdomo, kwa maana pumzi ina mate.

Namna ya kuipoza: izime, toa betri, fungua mlango wa kadi, iweke kivulini mbele ya feni ya kawaida kwa dakika 15 hadi 20. Kadi ikitoka ya moto, hasa zile za kasi kubwa za CFexpress, usishtuke. Usiiweke kamera kwenye deli la barafu wala mbele ya tundu la AC. Utakuwa umemaliza tatizo la joto na kuanzisha la maji, ambalo ni baya zaidi.

Acha na umwone fundi kama kamera inajizima kwa alama ya joto ndani ya chumba chenye hewa ya kawaida, dakika chache tu baada ya kuwashwa, na umeshajaribu betri na kadi nyingine. Hapo kuna hitilafu ya ndani au ya kipima joto chenyewe, na hakuna kivuli kitakachoitibu.

Lenzi inakuwa nyeupe ukitoka kwenye AC

Hili ndilo linaloongoza Pwani nzima, na ndilo linaloua lenzi polepole bila mwenyewe kujua.

Chukua chumba cha hoteli Unguja, AC imewekwa nyuzi 20 usiku kucha. Nje asubuhi kuna nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Hewa ya namna hiyo huacha maji juu ya kitu chochote chenye nyuzi 26 au chini yake. Kamera yako ina 20. Ukifungua begi uwani, kioo cha mbele kinaziba papo hapo, na ile pete ya chuma inayoshika lenzi inatoka jasho. Ukifuta, inaziba tena, kwa kuwa kioo bado ni baridi na hewa ya kukizibisha haijaisha. Utafuta hadi bwana harusi apite.

Anza kwa kujua mvuke uko wapi. Futa kioo cha mbele mara moja kwa kitambaa cha maikrofaiba. Ukiisha hata kwa sekunde chache, ulikuwa nje. Usipobadilika, angalia kioo cha kitazamio, maana mara nyingine lenzi ni safi na kilichoziba ni pale unapoweka jicho. Baada ya hapo ndipo ufikirie kwamba mvuke uko nyuma ya lenzi au ndani yake. Usiifungue lenzi kutoka kwenye kamera ili uchungulie. Ukifanya hivyo, hewa yenye unyevu inakimbilia kwenye kihisi baridi, na sasa una matatizo mawili.

Mvuke wa nje hauhitaji dawa. Unahitaji muda. Acha kamera ndani ya begi lililofungwa zipu, mahali penye hewa ya nje lakini kivulini, kwa dakika 30 hadi 60. Lenzi kubwa ya milimita 70-200 yenye vioo vingi na chuma kingi huchukua muda mrefu kuliko lenzi ndogo ya milimita 50. Kipimo ni mgongo wa mkono: ingiza mkono ndani ya begi, gusa sehemu ya chuma. Ikiwa bado ni baridi kuliko chuma kingine kilichokuwa nje, funga zipu usubiri.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Ukiwa bado ndani ya chumba baridi, tia kamera kwenye mfuko wa plastiki, bana hewa itoke, ufunge vizuri, ndipo utoke. Maji yatajikusanya juu ya plastiki badala ya kioo. Mfuko wa zipu ule wa jikoni unatosha kwa mwili na lenzi fupi. Au zima AC ya chumba saa moja kabla ya kutoka, ufungue dirisha, vitu vyote vipande joto pamoja. Kwenye gari, begi lisikae mbele ya matundu ya AC. Liweke sakafuni nyuma, mbali na upepo wa baridi. Kuliweka kwenye buti la gari lililoegeshwa juani ili kukwepa AC ni kutoka shimoni na kuingia shimo lingine.

Na wale wa milimani wasijione salama. Ukishuka na kamera kutoka kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, ambako usiku hewa huwa chini ya sifuri, kisha ukaiingiza ndani ya hema lililojaa pumzi za watu, kioo kitaziba vilevile. Iache ndani ya begi, na kadi uitoe kabla ya kuingia, kama una hamu ya kuziona picha.

Mvuke ukiwa ndani ya lenzi, kati ya kioo na kioo, mambo yanabadilika. Zima, toa betri na kadi, tenganisha lenzi na mwili ukishakuwa ndani ya chumba kikavu ambacho vyombo vimeshazoea joto lake. Viweke kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na silika nyingi, vile vipunje vinavyonyonya unyevu, kwa siku moja hadi tatu. Usitumie mchele. Haunyonyi unyevu kama silika, na unga wake unaingia kwenye pete za lenzi. Usitumie draya ya nywele, wala usianike juani: joto kali huyeyusha grisi ya ndani na kulainisha gundi inayoshika vioo.

Acha na umwone fundi kama mvuke wa ndani haujaondoka baada ya siku tatu za silika, kama umeacha alama za matone ukishakauka, au kama ulikuwa maji ya bahari. Kwa maji ya chumvi usisubiri hata siku moja, kwa sababu chumvi inaanza kula shaba za ndani mara moja.

Utando au nyuzi kama za buibui ndani ya lenzi

Picha zinapoteza ukali kidogo kidogo, na ukipiga kuelekea kwenye taa rangi zinafifia. Washa tochi ya simu, imulike lenzi kwa nyuma ukiwa umefungua lote tundu lake la kupitisha mwanga, utazame kwa mshazari. Vumbi ni vitone vilivyotawanyika. Hivyo havionekani kwenye picha, viache. Nyuzi zenye matawi, au doa la duara lenye ukingo wa manyoya, ni kuvu. Utando sawia wa kijivu mara nyingi ni mvuke wa grisi iliyopata joto.

Kuvu hupenda giza, hewa iliyotulia na unyevu unaozidi asilimia 60 hivi. Kwa maneno mengine, inapenda begi lako kabatini. Chanzo cha kwanza ni kuhifadhi lenzi humo wiki nyingi baada ya kazi yenye mvuke. Cha pili ni vifuko vya ngozi, vinavyoshika unyevu. Cha mwisho ni kununua lenzi ya mtumba ambayo tayari inayo, kwa hiyo usiache kamwe kumulika tochi kabla ya kutoa pesa.

Wapo wanaoshauri kuielekeza lenzi kwenye jua ili kuvu ife. Usifanye. Lenzi inakusanya jua na inaweza kuwasha moto ndani ya nyumba, na hata kuvu ikifa alama yake inabaki kwenye kioo.

Iliyo juu ya kioo cha mbele au cha nyuma kabisa unaweza kuifuta mwenyewe kwa maji maalumu ya kusafishia lenzi. Iliyo ndani ni kazi ya fundi, na ni ya haraka, kwa sababu kuvu hutoa asidi inayotoboa rangi za kinga za kioo. Mpelekee mapema. Kwa lenzi ndogo ya plastiki iliyokuja na kamera, uliza bei kwanza, maana mara nyingi kuisafisha ni ghali kuliko kununua nyingine.

Kabati kavu la umeme lililowekwa asilimia 40 hadi 50 ndilo suluhisho zuri kwa mwenye uwezo. Asiye nalo anunue chombo kikubwa cha plastiki chenye mpira kwenye mfuniko, silika ya rangi, na kipima unyevu kidogo. Silika ya rangi ya machungwa ikigeuka kijani imeshiba. Itandaze kwenye sinia la chuma, uikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili hivi, itarudi rangi yake. Ile ya buluu inayogeuka waridi ina kobalti, kwa hiyo isikaribie vyombo vya chakula. Usishuke chini ya asilimia 30, kwani mipira na grisi navyo vinahitaji unyevu kidogo.

Betri imevimba, au haitoki

Hapa hakuna hatua za kina. Betri iliyobana ndani ya kamera, au inayoyumba ukiiweka mezani, imevimba. Chanzo kikuu ni joto: kuchaji ndani ya gari lililo juani, kuacha betri kwenye chaja siku nzima, au betri za bei ya kutupwa zisizo na kinga ya ndani. Usiichaji tena. Usiitoboe, usiivute kwa koleo, usiipigepige. Ikikwama, peleka kamera nzima kwa fundi ikiwa imezimwa. Ikitoka, iweke kwenye chombo kisichoshika moto, nje ya nyumba, umuulize muuza vifaa vya elektroniki au mkusanya taka za elektroniki. Isiende jalalani wala kwenye moto, na usipande nayo ndege.

Betri nzima ambazo hutazitumia mwezi huu zihifadhi zikiwa na chaji nusu, mahali penye baridi ya kawaida ya chumba.

Tatizo la kinyume ni la mlimani. Betri ilisoma asilimia 70 kambini, ikafika sifuri njiani kuelekea kileleni. Haijafa. Baridi imepunguza kasi ya kemia yake. Iingize mfuko wa ndani karibu na kifua, utumie nyingine, kisha uzibadilishe kwa zamu. Usiku zilale nawe ndani ya sliping bagi. Usizichaji zikiwa chini ya nyuzi 0, kwa sababu lithiamu huganda juu ya sahani za ndani na betri haitakuwa salama tena.

Vitone vyekundu, vya buluu au vyeupe kwenye picha za usiku

Kihisi kikipata joto, vitone vyake vichache hujiwasha vyenyewe, hasa kwa picha zinazochukua sekunde nyingi. Kila joto linapopanda nyuzi 6 hadi 8, hali hiyo huongezeka karibu maradufu. Pumzisha kamera dakika kumi na urudie. Vikiisha, basi. Vikibaki palepale hata kwa picha ya mchana, tafuta kwenye menyu chaguo la kusafisha kihisi au kurekebisha vitone. Visipoondoka, kituo cha huduma kinaweza kuvifuta kwa programu.

Picha za mbali hazina ukali mchana, za karibu zinatoka vizuri

Waongoza watalii na wapiga picha wa wanyama wanaijua hii, ila kila msimu kuna mtu anauza lenzi ya 150-600 kwa sababu yake. Hewa iliyo juu ya tambarare yenye joto, Serengeti au Tsavo, inachemka na kupinda mwanga. Hakuna lenzi inayoipenya. Jaribu hivi: piga kitu kilicho mita tano kutoka kwako, kivulini. Kikitoka na ukali, lenzi ni nzima. Piga kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 11 jioni, msogelee mnyama kadiri sheria za hifadhi zinavyoruhusu, na dereva azime injini. Usipige juu ya boneti ya moto.

Mpira unalegea, pete inakuwa nzito, kitazamio kina doa

Mpira wa kushikia unavutika kwa joto na jasho, lakini angalia pia dawa ya mbu. Dawa za kupaka zenye kemikali ya DEET zinayeyusha plastiki na mpira. Paka, osha viganja, ndipo ushike kamera. Kubandika mpira mpya ni kazi ndogo.

Grisi iliyoyeyuka inaweza kufika kwenye bapa za tundu la lenzi, zikanatana; picha zinatoka na mwanga wa kupita kiasi hata ukifunga tundu liwe dogo, hadi f/11. Hii ni ya fundi tu.

Doa la kahawia au mstari ndani ya kitazamio cha umeme unatokana na jua kuingia kwa nyuma. Kioo kidogo cha kitazamio hulikusanya na kuunguza skrini ya ndani. Halitibiki bila kubadilisha kipande. Ukiweka kamera mezani au ukiivaa shingoni juani, geuza kitazamio kielekee chini.

Flashi inagoma katikati ya shughuli

Umepiga mfululizo kwa nguvu zote na sasa taa ya kuonyesha utayari inachelewa, au alama ya joto imetokea. Ipe dakika kumi, punguza nguvu hadi nusu au robo, pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga. Badilisha betri zote nne kwa pamoja, usichanganye mpya na za zamani. Ikiendelea, acha. Usiifungue flashi nyumbani, wala kamera ndogo yenye flashi ndani yake, hata ikiwa imezimwa na betri zimetolewa. Ndani kuna kapasita inayoshika volti 300 au zaidi kwa muda mrefu baada ya kuzimwa, na mshtuko wake unaweza kuua.

Ukiamua kwenda kwa fundi

Toa kadi na betri ubaki nazo. Andika namba ya kamera na ya lenzi, piga picha ya skrubu na pembe zote kwa simu mbele yake. Mweleze dalili kama ilivyokuwa: ilikuwa wapi, ilitoka wapi, ilichukua muda gani, alama gani ilionekana. Usimwambie "ni mazabodi", ile bodi kuu ya umeme ya kamera, kama hujui, maana atakutoza ya mazabodi. Omba kuona meza anayofanyia kazi. Fundi anayefungua lenzi kando ya barabara, feni inapuliza na vumbi linapita, mshukuru uende zako hata kama bei yake ni nzuri.